Mwanga wa Dunia Juu ya Mwezi: Jambo Ambalo Kijana wa Kitui na Makueni Anaweza Kulipima



Vijana wenzangu, ndugu zangu na dada zangu wa Kitui, Mwingi, Mutomo, Wote, Makindu na Kibwezi, na wewe ndugu msomaji uliyelishika jarida hili ukisubiri adhana ya Magharibi: mada niliyopewa ni mwezi. Najua baadhi yenu mmeshaguna. "Haya, yameanza tena, umeonekana, haujaonekana!" La, leo sina fatwa. Hayo tumwachie Kadhi Mkuu na wanavyuoni wetu. Mimi nina lawama moja tu. Sisi huutafuta mwezi usiku mmoja, tukabishana siku mbili, kisha tukaupa mgongo mpaka Idd ikaribie. Na kuna kitu ambacho mwezi mchanga unatuonyesha, tena kitu kikubwa, ambacho hakionekani vizuri usiku ule wa kwanza. Kinaonekana usiku wa pili, wa tatu na wa nne, wakati sisi tumeshaacha kutazama.

Hebu fanya hivi. Usiku wa tatu wa Ramadhan, ukishafuturu na kuswali Magharibi, toka nje utazame upande wa machweo. Mwezi siku hiyo hukaa saa mbili na zaidi baada ya jua kuzama, kwa hivyo hata Isha ikiadhiniwa bado uko. Utauona ule ukingo mwembamba unaong'aa. Usiondoke. Tazama ndani ya pembe zake mbili. Utaona kwamba mwezi uliobaki haukupotea. Upo wote, mviringo kamili, una rangi ya majivu. Mwenye macho mazuri ataona hata mabaka yake.

Ule ukingo unapata jua moja kwa moja, hilo halina mjadala. Lakini ile sehemu ya rangi ya majivu inapata wapi mwanga, na jua haliko upande wake? Inaupata kwetu. Jua linaipiga dunia, dunia inarudisha sehemu ya mwanga ule angani, mwanga huo unafika mwezini, na mwezi nao unaurudisha mpaka kwenye jicho lako. Yaani unachokiona pale ni mwanga wa jua uliokwisha kupita hapa duniani mara moja. Umekwenda mwezini, kama kilomita 384,000, na umerudi, na safari hiyo yote ya kwenda na kurudi imechukua kama sekunde mbili na nusu.

Wako wanaofundisha watoto kwamba sehemu ile ya giza ni kivuli cha dunia. Si kweli. Kivuli cha dunia huufikia mwezi siku ya kupatwa kwa mwezi tu, na siku hiyo mwezi huwa mpevu. Mwezi mchanga uko upande wa jua, na kivuli chetu kimeelekea upande mwingine kabisa.

Sasa jiweke wewe kule mwezini usiku huo wa tatu, uitazame dunia. Ungeiona karibu ni mpevu, maana mwezi ukiwa mwembamba kwetu, dunia huwa nene kwao. Tena ni kubwa: upana wake ni karibu mara 3.7 ya upana wa mwezi tunaouona sisi. Na inang'aa zaidi, kwa sababu dunia hurudisha karibu asilimia 30 ya mwanga wa jua na mwezi hurudisha kama asilimia 12 tu. Kadiri siku zinavyokwenda mwezi unanenepa, dunia ya huko inakonda, na ile rangi ya majivu inafifia hadi haionekani tena.

Watu walichukua muda kulifahamu jambo hili. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo kama mwaka 1040, aliandika risala nzima juu ya mwanga wa mwezi. Alieleza kwamba mwezi haurudishi mwanga kama kioo. Kila sehemu yake iliyopigwa na jua hutawanya mwanga pande zote. Miaka kama 500 baadaye Leonardo da Vinci, kule Italia, akaandika kwenye daftari lake kwamba ile rangi ya majivu ni mwanga uliotoka duniani. Hapo alipata. Ila alidhani bahari zetu ndizo zinazong'aa, na hapo alikosea, kwa sababu bahari ikitazamwa kutoka juu ni nyeusi. Hurudisha kama asilimia 6 tu. Kazi kubwa inafanywa na mawingu. Galileo naye akalieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1610.

Lakini kueleza ni kitu kimoja na kupima ni kingine. Aliyeanza kupima sawasawa ni Mfaransa André Danjon, miaka ya 1920. Alitumia kifaa kilichomwonyesha taswira mbili za mwezi ubavu kwa ubavu, akawa anaupunguza mwanga wa upande mkali mpaka ulingane na upande hafifu. Akiangalia amepunguza kiasi gani, anajua tofauti yao. Nataka uikamate akili ya njia hii, kwa sababu ndiyo siri yenyewe. Ukipima upande hafifu peke yake, utadanganywa: leo kuna vumbi hewani, kesho kuna unyevu, simu yako ni nyingine na ya jirani ni nyingine. Lakini vumbi linaloufifisha upande hafifu linaufifisha na upande mkali vilevile. Ukichukua mmoja ukaugawanya kwa mwingine, vumbi linajifuta lenyewe. Kinachobaki, ukishaondoa hesabu ya umri wa mwezi, ni habari ya dunia: imerudisha mwanga kiasi gani leo.

Tofauti hiyo si ndogo. Upande wa majivu unaweza kuwa hafifu kuliko ukingo unaong'aa kwa kiasi cha mara elfu kumi.

Kazi ya Danjon ilifufuliwa katika kituo cha Big Bear, California, na kikundi cha Philip Goode. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2017 walipima mwanga huo, jumla ya usiku kama 1,500. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waligundua kwamba katika miaka hiyo 20 mwanga unaorudishwa na dunia ulipungua kwa kama nusu wati kwa kila mita mraba, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuja miaka ile mitatu ya mwisho. Setilaiti zenye vifaa vya CERES, ambazo zimekuwa zikipima tangu mwaka 2000, zilionyesha mwelekeo huo huo. Sababu waliyoiona ni kupungua kwa mawingu ya chini juu ya Bahari ya Pasifiki, upande wa pwani ya magharibi ya Amerika, baada ya maji ya huko kupata joto.

Utaniambia, nusu wati ni nini? Hata balbu ndogo kabisa ya sola inataka zaidi ya hiyo. Na kweli, ukilinganisha na wati 340 za jua ambazo kila mita mraba ya dunia hupata kwa wastani, na kama wati 100 zinazorudishwa, unaona ni kitu kidogo. Sasa izidishe. Dunia ina kilomita mraba milioni 510. Nusu wati kwa kila mita, usiku na mchana, ni zaidi ya mara kumi ya nishati yote ambayo wanadamu wote wanatumia kwa magari, viwanda, stima na majiko. Mwanga usiorudishwa haupotei. Unabaki hapa, unakuwa joto.

Na joto sisi wa Ukambani hatuhitaji kuhadithiwa. Sisemi kwamba ule ukame wa misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, toka mwisho wa 2020 hadi 2022, uliletwa na mawingu ya Pasifiki kupungua; wataalamu wameuhusisha na La Niña pamoja na dunia kupata joto, joto linalokausha udongo hata pale kamvua kidogo kanaponyesha. Ninachosema ni kwamba hesabu ya joto la dunia, inayoingia na inayotoka, inamhusu mkulima wa ndengu wa Kibwezi kuliko inavyomhusu mtu wa California.

Kwa nini basi kazi hii ifanywe hapa kwetu? Sababu ya kwanza ni mahali tulipo. Tuko karibu kabisa na ikweta. Kule Ulaya mwezi mchanga husimama wima ukiwa umeegemea upeo wa macho. Kwetu hulala chali kama dau, pembe zote mbili zikitazama juu. Maana yake ni kwamba unazama moja kwa moja, hauchelei pembeni, na giza letu linaingia haraka. Mwezi unabaki juu wakati mbingu imeshakuwa nyeusi. Ya pili ni anga. Mwaka 2025 Ramadhan ilianza Machi na mwaka 2026 ikaanza Februari, yaani kiangazi, kabla ya mvua ndefu. (Ingekuwa Julai ningewashauri watu wa vilima vya Mbooni mlale tu, mawingu ya baridi hayana huruma.) Na ukitoka nje kidogo ya taa za mulika mwizi za mjini, giza letu bado ni giza la kweli.

Sababu ya tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi. Mwanga wa majivu unaouona hautoki dunia nzima. Unatoka sehemu ile tu ambayo jua linaipiga na mwezi unaiona kwa wakati mmoja. Jioni, ukiwa Wote au Kitui, sehemu hiyo ni kuanzia kwetu hapa kwenda magharibi: Kongo, Sahara, Bahari ya Atlantiki, msitu wa Amazon, mpaka Amerika. Geuza sasa. Tarehe 25 hadi 27 za Ramadhan, ukiamka kula daku, tazama mashariki. Mwezi mkongwe mwembamba utakuwa umechomoza au unachomoza, na majivu yake yale yale. Huo ni mwanga wa Bahari ya Hindi, India, Indonesia na Australia. Bahari ya Hindi, ndugu yangu, ndiko zinakotoka mvua zetu nyingi. Mtu wa California hapati sehemu hizi kwa namna unayozipata wewe. Ndiyo maana wataalamu wa kazi hii wanataka vituo katika sehemu mbalimbali za dunia.

Niseme pia kisichowezekana, mtu asije akaniuza maneno. Huwezi kutazama mwezi ukasema, "Ule ni mwanga wa Mutomo." Yote yamechanganyika yakawa namba moja. Kukata miti kwa makaa, jambo ambalo Gavana Charity Ngilu alilipiga marufuku Kitui mwaka 2018, hakuonekani mwezini. Tena ardhi ina kitendawili chake: mchanga mkavu hurudisha mwanga mwingi kuliko msitu, mara mbili au tatu, lakini mahali penye mchanga mtupu pana joto kuliko chini ya mti, kwa sababu mti hutoa unyevu na unyevu hupoza. Mwaka 1975 Jule Charney, mtaalamu wa hali ya hewa, alitoa hoja kwamba ardhi ikimalizwa na mifugo ikawa nyeupe, hewa juu yake hushuka badala ya kupanda, na mvua hupungua. Alikuwa akizungumzia Sahel. Hoja hiyo imebishaniwa sana, lakini ukiijua hutamwambia mtu ati kila kinachorudisha mwanga kinatusaidia.

Sasa kamera. Simu pekee itakuonyesha kitone tu. Tafuta kamera yenye lenzi ndefu. Wapiga picha wa harusi wanazo, na Ramadhan harusi ni chache, kwa hivyo ongea nao vizuri. Iweke kwenye stendi, tumia kipima muda cha sekunde kumi ili mkono wako usiitikise. Piga picha ya kwanza fupi, kama sehemu moja ya mia ya sekunde, ukingo utoke bila kuungua. Bila kugusa kitu kingine, piga ya pili kwa sekunde moja, isizidi mbili kwa sababu mwezi unatembea. Hapo ukingo utaungua lakini majivu yatatoka. Ukingo huo hutapanya mwanga kama ukungu juu ya sehemu ya majivu, kwa hivyo pima majivu yaliyo mbali nao, na upime pia kipande cha mbingu kilicho jirani ili ukitoe kwenye hesabu. Kama ni simu nyuma ya darubini, zima ile programu inayorembesha picha. Kuna simu zinazojichorea mabaka ya mwezi zenyewe.

Hifadhi picha kama ilivyotoka kwenye kamera, usiipunguze wala kuipitisha WhatsApp. Andika tarehe, saa, mahali, muda wa kila picha na hali ya hewa. Picha isiyo na hayo haina kazi, hata iwe nzuri namna gani, na wale wanaosambaza picha za mwezi wa mwaka juzi usiku wa kuamkia Ramadhan naomba walisome hili mara mbili.

Mmoja wa Kitui na mmoja wa Makueni wakipiga usiku mmoja, kila mmoja upande wake wa Mto Athi, kisha walinganishe daftari, watajua haraka kama namba zao zinakubaliana. Anzeni usiku wa pili wa mwezi hadi wa tano, mpumzike, mrudi tarehe 25 wakati wa daku. Shawwal mrudie, kwa kamera ile ile na mahali pale pale.

Wabillahi tawfiq.