Meno ya Kuvaa na Kuvua



Katika nyumba za Waluhya wa Bungoma, kuku akichinjwa, firigisi hupelekwa kwa mzee mwenye nyumba. Hiyo ndiyo heshima yake. Lakini mzee akiwa kibogoyo, heshima hiyo humgeukia fedheha: huisukasuka kwa fizi kitambo, kisha humpa mjukuu kwa siri. Tena maneno yake hayatoki sawasawa, na barazani vijana huinamisha vichwa wapate kuficha kicheko.

Kwa ajili ya watu kama huyo, wanadamu wamejaribu kutengeneza meno ya bandia tangu zamani. Huko Japani, mtawa mmoja wa kike aliyefariki mwaka 1538 aliacha meno ya juu yaliyochongwa katika kipande kimoja cha mti. Ulaya, mafundi walipenda zaidi meno ya kiboko, wakayachonga yakafanana na ya mtu. George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu. Wengi husema kwamba alivaa meno ya mti, si kweli. Yalikuwa ya kiboko na ya watu, yakashikwa kwa madini na springi, nayo yalimtesa sana. Hata baada ya vita vya Waterloo, mwaka 1815, maiti za askari ziling'olewa meno yakauzwa kwa matajiri.

Maskini hakupata kitu mpaka mpira ulipokuja. Mwaka 1844 Charles Goodyear alipewa hati ya kumiliki ufundi wake wa kupika mpira pamoja na salfa, na mwaka 1851 ndugu yake Nelson akapata hati ya mpira mgumu. Mpira huo ulifinyangwa kwa kufuata umbo la kinywa chenyewe, kwa gharama ndogo. Hata hivyo kampuni iliyoshika haki hizo iliwatoza madaktari ada na kuwashtaki waliokataa, hata mwaka 1879 mweka hazina wake, Josiah Bacon, akapigwa risasi na daktari wa meno mjini San Francisco. Tangu miaka ya 1930 akriliki, iliyo nyepesi na yenye rangi ya ufizi, ilianza kushika mahali pa mpira.

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974.

Meno ya juu hushikwa na utando mwembamba wa mate baina ya bamba na kaakaa, kama vioo viwili vilivyolowa maji. Ya chini ni mazito kuzoeleka, kwa kuwa ulimi huyasukuma. Usiku yavuliwe, yasuguliwe kwa brashi na sabuni, yalazwe katika maji baridi. Maji ya moto huyapinda. Mfupa wa taya husinyaa baada ya meno kung'olewa, basi yakianza kulegea miaka michache baadaye, si kosa la fundi: yarudishwe kwa daktari yatiwe bitana upya.

Majuma ya kwanza mvaaji ale uji, mrenda na ndizi zilizopikwa, akitafuna pande zote mbili kwa pamoja. Firigisi ingojee kidogo, na siku yake ikifika ikatwe vipande vidogo.