Mcheza kwao hutunzwa. Je, anayecheza ndani ya simu?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walipolisema neno hilo walikuwa na uwanja mbele yao, ngoma zinalia na watu wamesimama duara. Hawakudhani kwamba itafika siku mchezaji acheze kwao na mtazamaji amtazame akiwa kwake, kajinyoosha kitandani, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai.

Naam, ndiko tulikofika. Mkazi wa Buguruni au Kongowea, mradi ana simu na bando, anaweza kutazama taarabu, ngoma, maigizo na vichekesho bila ya kulipa nauli, wala kuwaza atarudije nyumbani saa saba za usiku. Mama anayenyonyesha, mgonjwa asiyeweza kutoka, mlinzi aliye lindoni, wote wanapata burudani. Hiyo ni neema, na asiyeiona ana lake jambo.

Wala si jambo geni kama tunavyodhani. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Tangu hapo watu wa pwani waliweza kumsikia bila ya yeye kuwapo. Kisha ikaja redio, ikaingiza michezo ya kuigiza hadi jikoni. Lakini sahani ya santuri ilinunuliwa dukani kwa fedha. Aliyetaka kumsikia mwimbaji alitoa kitu mfukoni. Hapo ndipo penye mazungumzo yetu ya leo.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga kumbi duniani, majumba makubwa yalikimbilia kwenye intaneti. Metropolitan Opera ya New York ilianza mwezi Machi kuonyesha opera moja kila usiku, bure. National Theatre ya London ikafuata mwezi Aprili, kila Alhamisi mchezo mmoja, nao ukaachwa wiki nzima watu watazame. Watu ambao hawangeweza kununua tiketi ya kumbi zile maisha yao yote walijionea wakiwa sebuleni.

Hata hivyo kulikuwa na upande wa pili. Wapiga vyombo na waimbaji wa kiitikio wa Metropolitan walikaa karibu mwaka mzima bila mshahara, tangu Aprili ya mwaka huo. Dunia ilikuwa ikiwashangilia katika skrini usiku baada ya usiku, nao nyumbani wanapiga hesabu za kodi ya nyumba. National Theatre yenyewe, ilipofika Desemba, ilianzisha huduma ya kulipia. Walijua kwamba makofi peke yake hayapiki ugali.

Sasa turudi kwetu. Aliyewahi kuhudhuria taarabu anajua mambo yake. Ubeti ukimgusa mama, au akitaka umguse jirani yake, huinuka, akajongea kwa maringo, noti kaishika juu ili kila mtu aione, akaiweka mkononi mwa mwimbaji. Huko ndiko kutunza. Mwimbaji hupata chochote, naye mtoaji husema la moyoni bila kufungua kinywa. Katika simu hakuna wa kuinuka. Tunatazama, tunacheka, tunamtumia rafiki, basi tumemaliza.

Wako watakaosema, "Si YouTube inawalipa?" Inalipa, ndiyo, lakini kwa masharti. Kwa video za kawaida, mwenye chaneli hapati fungu la matangazo mpaka afikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kikundi cha ngoma cha kijijini kitazitoa wapi saa hizo? Baya zaidi, mara nyingi anayepandisha onyesho si mwenye onyesho. Ni kijana aliyekuja ukumbini na simu yake, akarekodi, akaliweka katika chaneli yake. Matangazo yakiingia, fungu linakwenda kwake. Aliyetoka jasho jukwaani ameambulia sifa.

Tusijidanganye kwamba sanaa huishi kwa kupendwa tu. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 na kupendwa dunia nzima, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Ikiwa tamasha lenye jina lile liliyumba, kikundi cha mtaani kisichojulikana hata wilaya ya pili kitasalimika vipi?

Basi tufanyeje? Tusiache kutazama, la hasha. Ila tutazame kama watu waliokwenda ukumbini. Kwanza, tumtafute msanii katika chaneli yake mwenyewe, tujiandikishe hapo, tutazame mchezo mwanzo hadi mwisho badala ya kudokoa vipande. Pili, bando likiwa ghali, tukusanyike: simu moja, spika moja, watu sita na kahawa. Utamu wa mchezo wa kuigiza ni kucheka pamoja. Tatu, vikundi viandike namba ya kupokelea fedha chini ya kila onyesho, nasi tusione haya kutuma hata shilingi 500. Tunayemtumia shemeji nauli kwa simu, tutashindwaje kumtunza mwimbaji kwa simu hiyo hiyo?

Na likitokea onyesho karibu na mtaa wako, mpenzi msikilizaji, zima simu uende. Anayelicheza onyesho hilo ni binadamu, naye anapomwona mtu wa mstari wa mbele akifuta machozi ya kicheko, hucheza zaidi. Kioo cha simu hakijawahi kumpa mchezaji nguvu hizo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.