KINGA YA NINGI

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya mtu wa dawa anapokuwa katikati ya mapambano, na namna anavyojilinda. Msishtuke, sina hirizi ya kuuza. Jambo lenyewe lilianzia kwenye mkeka, kwetu Ipililo mkoani Simiyu, wakati pamba imekwisha kuuzwa na watu wana nafasi ya kukaa.

Mpwa wangu anayesoma chuo alikuja likizo na mchezo kutoka Marekani, uitwao Dungeons & Dragons. Ulitolewa mwaka 1974 na mabwana wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Si mchezo wa kula kete kama bao au drafti. Mmoja husimulia safari ya hatari, na wengine kila mmoja hujitwalia mtu wa kubuni: huyu askari mwenye ngao, yule mwizi wa kufungua makufuli, na mwingine bwana wa uganga. Adui akitokea, hurushwa dadu ili ijulikane kama upanga umepata au umekosa.

Huyo bwana wa uganga, ambaye vijana walimwita mchawi, ana maneno ya kuangusha jeshi zima, lakini mwili wake ni dhaifu mno. Katika vitabu vya zamani vya mchezo huo, uhai wa askari ulipimwa kwa dadu yenye pande kumi, na wa kwake kwa dadu yenye pande nne. Deraya haruhusiwi kuvaa. Akipigwa wakati anatamka maneno yake, uganga huo umeharibika. Na kila uganga akishautumia umekwisha, mpaka alale na kusoma upya vitabu vyake.

Kijana wa jirani ndiye aliyemchukua mchawi. Basi akaona ana nguvu kuliko wote, akatangulia mbele ya wenzake pangoni. Hata robo saa haikupita, amekufa, tena kwa fimbo ya kijitu kidogo tu.

Mjomba wangu alikuwa amekaa pembeni anachambua karanga. Akauliza, "Ninyi watoto, huyu ningi wenu mbona katangulia mbele ya ngoma?"

Kwa wasikilizaji wasio wa Usukumani, ningi ni kiongozi wa ngoma, mtunzi na mwimbaji wake. Ngoma zetu zina pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, zilizoanzishwa katika karne ya 19 na watu wawili, Ngika na Gumha, waliosifika kwa kucheza na kwa dawa pia. Mpaka leo, baada ya mavuno, pande hizo hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila moja kwenye duara lake. Refa hakuna. Watazamaji wenyewe ndio wanaoamua, kwa miguu yao: upande utakaowavuta watu wengi ndio ulioshinda. Pale Bujora, karibu na Mwanza, hufanyika kila mwaka mwezi Juni, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kutazama.

Sasa, ningi huingia uwanjani na dawa. Iko ile ya kuvuta watu, samba, na iko ile ya kujikinga, lukago. Mjomba alikuwa ningi wa Bagalu kwa miaka mingi, na jioni ile vijana waliacha dadu zao wakamsikiliza yeye. Alisema lukago hufanywa kabla, nyumbani, watu wakiwa wametulia. Ningi anayeanza kuhangaika na vibuyu vyake wakati ngoma ya upande wa pili imekwisha lia, huyo amechelewa. Halafu haanzi yeye. Hutangulia wapiga ngoma na wachezaji vijana, wenye mapafu, naye hubaki ndani ya duara lao. Macho ya watu yakianza kuelekea upande wa pili, anatoa kitu cha kuyarudisha: chatu, au sanamu ya mti inayochezeshwa kama mtu. Wapinzani nao wanahangaika na sanamu, wakati mwenye ngoma anapumzisha sauti. Wimbo wake mkubwa anauweka mpaka jua lipungue.

Mpwa wangu alicheka, akatuonyesha kitabuni. Wamarekani nao wana uganga wa namna hiyo, ambao mchawi hujifanyia picha zake kadhaa zikasimama pamoja naye, adui akapiga kivuli. Nao hushauriana kuvaa kinga kabla ya mlango kufunguliwa, kuweka askari mbele, na kutomaliza maneno yao mapema. Mjomba hakuona ajabu. Alichokataa ni neno. "Mchawi hachezi mchana mbele ya watu," alisema. Kwa Kisukuma mfumu ni mmoja na mlogi ni mwingine, na mtu aliyewachanganya hawa wawili ameleta msiba nyumbani kwake.

Hapo, ndugu wasikilizaji, ndipo mchezo ulipoacha kuwa mchezo, nami nimelifikiri neno hilo juma zima.

Historia yetu inaonyesha kinga ikiharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya yule kijana wa pangoni: kuamini kwamba ukishakuwa na dawa huhitaji kujificha. Katika vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905, watu wa kusini walipewa maji na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Maji yale yaliyaunganisha makabila ambayo hayakuwa yamewahi kupigana pamoja, na jambo hilo si dogo. Lakini tarehe 30 Agosti 1905, pale Mahenge, watu waliiendea ngome yenye bunduki za rashasha waziwazi, mchana. Walikufa kwa mamia.

Ya pili ni yetu huku, nayo inauma zaidi kwa sababu haikuletwa na Mjerumani. Ni kinga inayotoka uwanjani na kwenda kumtafuta adui majumbani. Mtoto ameugua, ng'ombe wamekufa, mtu anakwenda kwa mpiga ramli akitaka kinga, anarudi na jina. Na jina hilo, mara nyingi mno hapa Usukumani, limekuwa la bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho yaliyowekundishwa na moshi wa jiko alilowapikia hao hao wanaomnong'ona. Mabibi wamekatwa mapanga usiku kwa ajili hiyo. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa ili viungo vyao vifanywe dawa, hata Januari 2009 serikali ikatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Wako waganga waliolalamika kwamba wameadhibiwa kwa makosa ya wengine. Naamini baadhi yao walisema kweli. Lakini ni wangapi kati yao waliowahi kumkatalia mteja jina?

Mjomba alikataa mara moja, nami nilikuwepo, mtoto wa kubeba maji. Ilikuwa miaka ya 1980. Mpiga ngoma wake alianguka katikati ya mashindano, akatetemeka, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Wachezaji wakasema tumerogwa. Tena walikuwa na mtu tayari: mama mzee wa upande wa Bagika aliyewapa maji ya kunywa asubuhi. Vijana wawili walikwisha kwenda kutafuta fimbo.

Mjomba aliwarudisha. Aliamuru mgonjwa apakiwe kwenye baiskeli apelekwe zahanati. Kisha akamwita yule mama mbele ya watu wote, akaomba maji katika kibuyu kile kile, akanywa. Wachezaji wake wakanyamaza. Mpiga ngoma alikutwa na malaria, akachomwa sindano, na juma la pili alikuwa akilima. Mashindano tulishindwa, tena vibaya, kwa maana ngoma kubwa haikuwa na wa kuipiga.

Nilimkumbusha habari hiyo pale mkekani. Akasema anachokumbuka zaidi ni kushindwa.

Vijana wakamwomba acheze naye. Akakubali kumchukua yule bwana wa uganga, kwa sharti asiitwe mchawi. Akauliza askari ni wangapi, akaambiwa wawili. Akasema hawatoshi, tusubiri watoto wa shangazi warudi kisimani. Tukasubiri. Karanga zikaisha, na hakuna aliyeingia pangoni mpaka walipofika.