NYUMBA YA KIJANA NI HAKI, SI HISANI

(Hotuba iliyotolewa Bute mbele ya wazee, walimu, viongozi wa dini na vijana)



Mwaka 1991 kifungu cha 2A kilifutwa katika Katiba na vyama vingi vikarejea. Mwaka huo huo amri za hali ya hatari, zilizoliandama eneo hili tangu miaka ya 1960, ziliondolewa. Lakini mageuzi hayajakamilika mpaka yamfikie mwananchi mlangoni pake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yafaayo. Twauliza basi: kijana wa Bute aendaye kusoma Wajir au Garissa atalala wapi?

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mwalimu na muuguzi wa Bute wanakatwa sawa na wenzao wa Nairobi. Lakini nyumba ya kununuliwa kwa malipo ya miaka mingi haimfai mwanafunzi asiye na mshahara. Yeye ahitaji chumba cha kupanga kwa miaka michache, chenye maji, taa na usalama.

Usalama hatuutaji kwa mazoea. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi, na wengi walifumaniwa katika mabweni. Wauaji waliwatenga Wakristo na Waislamu. Desemba mwaka huo, karibu na El Wak, abiria Waislamu wa basi walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Mtaa wa vijana tunaoudai ufuate mfano wa abiria wale: usimtenge mtu kwa dini wala kwa ukoo.

Mapendekezo yetu ni haya:

Kwanza, ardhi. Bei ya kiwanja ndiyo hupandisha kodi ya nyumba. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaiwezesha jamii kusajili ardhi yake, na haiwezi kuuzwa bila kibali cha thuluthi mbili ya wanajamii. Basi ardhi isajiliwe, itengwe kwa vijana, wala isiuzwe.

Pili, ujenzi. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la alasiri lisizichome. Pawe na baraza yenye kivuli, ua wa pamoja, na mabati yenye mifereji ya kupeleka mvua katika tangi. Kila jengo liwe na zaidi ya mlango mmoja wa kutokea. Wasichana wawe na jengo lao, na taa ziwake usiku.

Tatu, usafi. Mjini Wajir maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, hivyo mashimo ya vyoo huchafua visima. Kwa miaka mingi watu walitumia vyoo vya ndoo. Choo kipangwe kabla ya chumba, si baada yake.

Nne, uendeshaji. Wanafunzi wachanganywe na walimu na wauguzi vijana, ili wakati wa likizo mapato yasikauke. Kamati ichaguliwe na wakazi wenyewe, wasichana wakiwamo, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi.

Wapo watakaosema eneo hili ni maskini mno. Tunawajibu kwamba vyumba vinne vilivyojengwa kwa uaminifu ni bora kuliko ahadi ya maelfu. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu zetu, mwombeni diwani na mbunge wawaonyeshe fedha za makato zimejenga nini hapa. Ulizeni kwa adabu, ulizeni kwa maandishi, na msichoke kuuliza.