Nyumba ya Kikristo na Vumbi la Dhahabu

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya nyumba ya Mkristo, na hasa habari ya mlango wake. Maana nyumba hujulikana kwa sala na upendo uliomo ndani, na hujulikana pia kwa yale ambayo wenyewe huyaona wanapofungua mlango asubuhi.

Mfano wetu ni Chunya. Mtu atokaye Mbeya mjini kwenda kaskazini hupanda kwanza milima yenye baridi na ukungu, kisha huteremka mpaka nchi ya joto na miti ya miombo. Mwendo wote wapata kilometa 70. Nchi hiyo ilivuma zamani kwa jina la Lupa, yaani jina la mto ambao mchanga wake ulikuwa na dhahabu. Katika miaka ya 1930 watu walimiminika huko: Wazungu wakitafuta utajiri, na Waafrika kwa maelfu, wengi wao kutoka Unyakyusa, wakitafuta fedha ya kodi na ya nguo. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa mwaka 1956, lakini uchimbaji haukukoma. Hata leo wako wachimbaji wadogo wengi, nao huchimba mashimo yao, husaga mawe kwa karasha, na huosha unga wake kwa maji.

Injili ilitangulia kufika katika nyanda hizi. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1895 wakaanza kazi Utengule katika Usafwa. Watoto wa waumini wale wa kwanza walipokwenda kuchimba walichukua nyimbo zao pamoja na majembe yao. Basi kusali na kuchimba ni mambo mawili yaliyokaa chini ya paa moja kwa muda mrefu, wala hatusemi kwamba kuchimba ni dhambi. Ni kazi ya jasho, nayo imejenga nyumba na kusomesha wengi.

Sasa na tuiwaze nyumba moja, bila kuitaja jina, maana ziko nyingi mfano wake. Jioni baba arudi kutoka machimboni. Mkononi ana kidonge cha rangi ya fedha, ambacho ni dhahabu iliyoshikwa na zebaki. Jiko la mkaa liko tayari. Akiweka kidonge katika kijiko na kukichoma, zebaki huondoka na dhahabu hubaki. Watoto hukusanyika kutazama, maana ni jambo la kupendeza kuona kitu cheupe kikigeuka kuwa cha manjano. Halafu sufuria ya ugali hutelekwa juu ya jiko lile lile. Na chakula kinapokuwa tayari, wote hufumba macho, na baba hushukuru.

Shukrani ile ni njema. Lakini kuna jambo ambalo hapana aliyeliona. Zebaki haikupotea: imegeuka mvuke usio na rangi wala harufu, ukaingia mapafuni mwa waliokuwa karibu, na uliobaki ukatua ukutani, juu ya nguo na juu ya vyombo. Sumu hiyo hushika ubongo na mishipa ya fahamu. Mtu mzima huanza kutetemeka mikono na kusahau mambo. Mtoto huchelewa kukua akili. Na mimba iliyo tumboni mwa mama hudhurika kuliko wote. Ikimwagwa mtoni, hugeuzwa na vijidudu vya matopeni ikawa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki, na kutoka kwa samaki ikarudi mezani. Watu wa mji wa Minamata, katika Japani, waliteswa hivyo kwa taka za kiwanda, na ugonjwa wao ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Ndiyo sababu mapatano ya mataifa juu ya zebaki yaliitwa kwa jina la mji ule. Tanzania iliyaridhia mwaka 2020.

Hayo ni ya ndani ya nyumba. Sasa na tufungue mlango. Nje twasikia mlio wa karasha, na katika vumbi lake twaona mtoto wa jirani. Saa za shule zimefika, naye anabeba mawe. Mwezi wa Agosti 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, na wilaya ya Chunya ilikuwa miongoni mwa mahali walipochunguza. Waliwakuta watoto wakifanya kazi mashimoni na kushika zebaki kwa mikono mitupu, wakiwamo wa umri wa miaka 8. Wakati huo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikuwa imekwisha kukataza watoto walio chini ya miaka 18 wasifanye kazi za hatari kama hizo.

Tumezoea kuisikia kanisani habari ya Msamaria na mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Na tukumbuke jambo moja ndani yake: wale wawili waliotangulia kupita njia ile hawakuwa vipofu. Walimwona yule majeruhi, kisha wakapita upande wa pili. Sisi nasi twamwona mtoto wa karasha kila siku, mpaka macho yamemzoea kama yanavyouzoea mti ulio njiani. Kuamka ni kumwona mara ya pili, kama kwamba hatukupata kumwona kabla.

Labda mtu atajibu, “Hiyo ni kazi ya serikali.” Ni kweli, serikali ina kazi yake, na mengine imeyafanya: sheria ipo, na tangu mwaka 2016 ada zimeondolewa kuanzia shule ya msingi hata kidato cha nne. Lakini wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Sheria haiwezi kukaa jikoni mwetu kila jioni kutazama ni nini kinachochomwa juu ya jiko.

Basi twafanye nini? Kwanza, baba na mama wakae na kusemezana kwa heshima, maana hapo ndipo nyumba ya Kikristo inapojulikana. Wapatane kwamba zebaki haitachomwa tena nyumbani, wala haitawekwa katika chupa ya soda ambapo mtoto aweza kuishika. Kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki tena. Wachimbaji kadhaa waweza kukinunua pamoja na kukitumia mahali pa mbali na makazi. Nguo za kazi zibaki nje. Mama mwenye mimba asikaribie kabisa. Na baba akikohoa kwa majuma mawili, asingoje. Aende akapimwe kifua kikuu, maana vumbi la mawe huharibu mapafu na kuifungulia njia maradhi hiyo. Dawa zake hutolewa bila malipo.

Pili, kila jioni kabla ya sala, nyumba ijiulize swali hili: ni nani hayupo? Tuwahesabu watoto wetu, kisha tuwahesabu wa jirani. Mzani wa dhahabu hupima hata sehemu ndogo ya gramu, na mwenye mali hatakubali ipunguzwe. Tukiipima dhahabu kwa uangalifu namna hiyo, twawezaje kutojua kwamba mtoto wa nyumba ya tatu hajaonekana shuleni tangu mwezi uliopita?

Tatu, tusimwendee mama wa mtoto yule na maneno ya kulaumu. Hapa ndipo penye uzito wote. Huenda ni mjane, au mumewe amehamia machimbo mengine asirudi. Na shilingi anazoleta mtoto jioni ndizo zinazonunua unga. Tukimwondoa mtoto katika karasha, nani atanunua unga huo kesho? Asiyekuwa na jibu la swali hili hajaamka bado, ameota tu. Ada imeondolewa, lakini daftari, sare na chakula havikuondolewa. Mtu mmoja hawezi kuubeba mzigo huu, bali nyumba kumi zaweza. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikubaliana kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi yao, yaani nyumba za majirani zikutane kusali na kusaidiana. Na madhehebu mengine yana vikundi vya namna hiyo. Katika mkutano wa namna hiyo kila nyumba na ilete kibaba cha unga kwa juma, na sarafu chache katika kisanduku. Mama apewe mtaji mdogo wa kuuza vitumbua au mboga, na mtoto apelekwe kwa mwalimu akishikwa mkono na mzee wa jumuiya, asione haya kurudi.

Jambo hili si kubwa mno kwetu, wala si dogo. Nyumba moja ikianza, ya pili itauliza sababu, na ya tatu itaiga bila kuuliza. Watoto wanaowaona baba na mama wakimhesabu mtoto wa jirani hujifunza imani kwa namna ambayo hawataisahau.

Basi, wasikilizaji wetu, tumefika mwisho. Jioni ya leo, kabla hatujafumba macho kushukuru, na tuyafungue kwanza: tutazame juu ya jiko letu, kisha tutazame nje ya mlango wetu, tukajiulize ni nani hayupo. Kwa herini.