Maji Yatokayo Katika Mtambo wa Kahawa



Nimepewa nafasi katika sikukuu yetu ya miaka kumi nizungumze habari ya maji machafu. Najua si neno la karamu. Lakini wengi wenu hapa Murongo mmeuliza kwa nini hesabu ya mtambo wa kumenya kahawa mbivu imeongezwa fedha za kuchimba mashimo, na mkulima akatwaye senti kwa kila kilo ana haki ya kujibiwa.

Tangu zamani wengi wetu katika Karagwe na Kyerwa tumezoea kuanika kahawa juani pamoja na maganda yake. Kazi hiyo haihitaji maji. Tukianza kumenya na kuosha, mambo yatageuka. Katika kila kilo 100 za kahawa mbivu, karibu 40 ni ganda na nyama yake, na juu ya punje hubaki ute wenye sukari. Vyote hivyo vikimwagwa mtoni, vijidudu huvila, na katika kula kwao humaliza hewa ambayo samaki huivuta majini. Maji huwa meusi, yakanuka. Nilipokuwa mtoto, mahali nisipopataja, nilimwona mama yangu akikivuka kijito kilicho karibu na mlango wetu, ndoo kichwani, akaenda kuteka mbali, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kahawa.

Wako wasemao kwamba Kagera ni mto mkubwa, utachukua yote. Ni mkubwa kweli. Hakuna mto uingizao maji mengi kuliko huo katika Ziwa Victoria. Lakini uchafu wetu utaanzia katika vijito, na mavuno yetu huangukia kiangazi, wakati vijito vimepungua. Tena ng'ambo wako jirani zetu wa Kikagati, nchi ya Uganda, nao hutumia mto huo huo. Sheria ya mwaka 2009 ya rasilimali za maji nayo yataka kibali kabla ya kumwaga maji machafu. Sitakaa sana hapo.

Kwanza kabisa, ganda lisichukuliwe na maji. Liondolewe mtamboni likiwa kavu kadiri iwezekanavyo, lirundikwe lioze, kisha liende migombani. Ni kazi ya koleo na toroli tu, nami naihesabu kuwa kubwa kuliko zote zifuatazo, maana sukari ikishayeyuka hakuna chujio liwezalo kuikamata.

Maji yabakiayo yatapita katika wavu, kisha yataingia katika shimo la kutuama. Humo kizito huzama, chepesi huelea. Maji yakiingia kwa kishindo hutibua yote, ndiyo sababu mfereji utakuwa mpana, wenye kizuizi mdomoni. Mashimo yatakuwa mawili, ili moja likizolewa tope, jingine lifanye kazi.

Ute ni mkaidi zaidi. Ukikaa huchacha, sehemu yake ikaganda na kuelea kama mtindi, nasi tutaiengua. Maji yaliyosalia huwa makali kama siki. Hupunguzwa ukali kwa chokaa, kisha huongozwa polepole katika shamba la majani, mbali na visima na chemchemi. Msidanganyike mkiyaona yamekuwa maangavu. Maji yaweza kuangaza na bado yamejaa sukari. Kuondoa vinavyoelea na vinavyozama ni nusu tu ya kazi.

Bwana Mwenyekiti, siku ya kupima eneo naomba wenye nyumba za upande wa bondeni waitwe kwanza, pamoja na akina mama watekao maji huko, watuonyeshe kila chemchemi waijuayo kabla koleo la kwanza halijaingia ardhini.