Tupime kwanza lile shamba

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa uwanjani kwenye mkutano mkuu wa chama, Uvira



Kwenye programu wameandika kwamba nitasema juu ya makao. Nitasema juu ya shamba moja tu.

Wengi mnalijua. Ni lile la mihogo, chini ya kartie yetu ya mlimani, pale barabara inapoishia. Tangu tuliporudi kutoka Tanzania lilikuwa shamba, na jioni ulikuwa unasikia vyura na mbuzi, basi. Leo mwenye shamba amelikata parseli 36, kila moja mita 10 kwa 12. Kwenye zingine tayari kuko nyumba za kukodisha, vyumba vinne vinne, bati inagusa bati.

Mwezi uliopita wakaaji wa juu walileta barua kwenye ofisi yetu, yenye sahihi 41. Wanaomba chama kiende kwa serikali kusimamisha ujenzi. Wanasema vyoo vinanuka, njia imezibwa, robine inatoa maji saa mbili tu na foleni imekuwa ndefu, wezi wameanza, muziki haulali. Na mwishoni wameandika: "Watu wa kambi wanaoletwa hapa hatuwajui."

Ile mstari niliisoma mara mbili. Katika wale 41, zaidi ya nusu ni wana chama, watu wa Lugufu na Nyarugusu. Mimi mwenyewe nilivuka ziwa 1996 nikiwa na miaka minane, nikarudi 2007 kwa meli, kutoka Kigoma mpaka Baraka. Tulipofika hapa Uvira, jirani alimwambia mama yangu maneno hayo hayo. Mama bado anakaa kule juu. Naye alitia sahihi. Nilipomuuliza, alinijibu: "Mwanangu, mimi sikatai bantu. Ninakatae ule mavi inashuka ku kisima."

Basi nikachukua mita ya fundi, tukazunguka shamba lote siku mbili za Jumamosi, mimi na vijana wawili, mmoja wa juu na mmoja wa parseli mpya. Na nawaambia, wamama wana haki.

Choo kimoja tulikikuta mita 9 kutoka kisima ambacho watu wanachota. Kipimo tunachotumia sisi wa kazi ya maji na usafi ni mita 30 angalau, na shimo lisifikie maji ya chini. Hapa kwetu hatuhitaji mtu wa kutufundisha kolera ni nini. Kisha kuko korongo. Parseli nne zimekatwa ndani ya korongo lenyewe, pale ambapo maji ya mvua yanapita kila mwaka. Kiangazi mtu anaona ni udongo mzuri, umelala, hauna mawe. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulichukua nyumba na watu, na katika sala hii hakuna asiyekuwa na jina la mtu aliyempoteza au aliyemzika.

Nani ananunua pale? Ni watu wale wale. Wako waliobomolewa na mto 2020. Wako waliofukuzwa na ziwa lilipopanda upande wa Kavimvira, wakaona maji yanaingia chumbani. Wako waliorudi juzi kutoka kambini na kukuta shamba la baba limekwisha kukaliwa. Mtu aliyefukuzwa na maji, sisi tunamuuzia njia ya maji!

Nitasema kitu ambacho kitawachoma wengine. Kipimo cha kambi ya wakimbizi ni mita za mraba 45 kwa kila mtu, ukihesabu njia, vyoo na nafasi ya kukata moto. Familia ya watu sita ni 270. Lile shamba linampa mwenye parseli 120, na ndani yake anapanga familia nne. Tulilia kambini miaka kumi na zaidi, na kumbe kambi ilikuwa na mpango kuliko parseli hizi.

Upande wa karatasi nitapita haraka, juu wakili wa chama atarudia kesho. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Karatasi ya mwenye shamba na mashahidi wawili haikupi haki kamili. Mpaka kadasta ipime, na upate sertifika. Katika zile parseli 36 sikuonyeshwa sertifika hata moja.

Na nisifiche: mtoto wa shangazi yangu amelipa dola 400 kwa moja ya zile nne za korongoni. Nilimwambia akadai pesa yake. Akanijibu: "Kaka, nikingoja karatasi zote, watoto watazeeka kwenye nyumba ya kukodi." Sikupata la kumjibu. Mpaka leo sijapata.

Kwa hiyo ile barua, jinsi ilivyo, mimi naomba chama kisiipeleke. Mstari wa "watu wa kambi" utolewe. Kusimamisha kila kitu hakutaondoa mtu, watajenga usiku. Tuombe mambo tunayoweza kuyapima: zile parseli nne zifutwe na wenye kulipa wapewe pengine ndani ya shamba, hata kama mwenye shamba atapunguza idadi; njia ya mita 6 ipite katikati, ili mama wa uzazi asibebwe mgongoni; vyoo vihamishwe upande wa chini, mbali na visima. Kelele za muziki tutaongea na vijana. Hata kule juu tuko na baa mbili, tusijifanye watawa.

Wafadhili, hatuombi saruji ya kujengea nyumba. Tunaomba mawe na mikono ya mafundi kwa mfereji wa mita 140, kabla mvua haijakolea. Mchanga tutabeba wenyewe, wa juu na wa chini pamoja. Orodha ya wabebaji iko kwa sekretari, na tayari ina majina 27.

Alhamisi saa tisa tunakutana kwa chefu wa kartie. Mwenye shamba amesema atakuja. Mara ya kwanza pia alisema hivyo. Mwenye kuwa na mita ndefu ailete, yangu ilikatikia kwenye korongo.